Mluzi wa Siwatu na Ubuyu wa Kunguru

Hodi hodi!

— Nani?

Ni mimi, hadithi!

— Watoka wapi?

Majabalini, kwa pimbi!

— Vua viatu, ingia, kaa!

Haya, imevua viatu, imeingia, imekaa. Sasa nyamazeni. Na wewe uliyeficha kitu shavuni, kimeze au kiteme, maana hadithi ya leo haitaki kutafuniwa. Mnacheka? Chekeni tu. Najua mnacheka pengo langu. Pengo hili lina habari yake, na nitaisema mwisho, mkikaa vizuri.

Hapo zamani, zamani sana, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino la kwanza, wanyama walikuwa wakisoma shule. Walikuwa na madaftari yao, mwalimu wao, na uji wao wa saa nne.

Shule ya pimbi ilikuwa chini ya jabali kubwa. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene mnene, hana mkia, anakaa kwenye mawe. Ukimwona kwa haraka utasema ni sungura aliyepunguzwa masikio.

Mwalimu wao alikuwa Mbuzimawe, yule paa mdogo anayesimama juu ya mwamba kwa ncha za kwato. Mpishi wao wa uji alikuwa Bi Kobe. Huyu Bi Kobe hakuwa na jino hata moja. Hakuwahi kuwa nalo, mama yake hakuwahi kuwa nalo, ukoo wake wote hawajui jino ni nini. Likumbukeni hilo.

Sasa pimbi wana adui mmoja mkubwa. Nani?

— Tai!

Ee, nani kawaambia? Ni Tai. Tai Mweusi alikaa kilele cha mlima wa pili, akiwaangalia watoto wa pimbi wakitoka kula majani, akimeza mate. Anawaangalia, anameza mate. Anawaangalia, anameza mate. Lakini hawapati.

Kwa nini hawapati? Kwa sababu pimbi walikuwa na desturi. Kila mwaka walimchagua mwanafunzi mmoja awe mlinzi. Mlinzi alikaa juu ya jabali peke yake, wenzake wakiwa chini majanini. Akimwona Tai, anapiga mluzi. Na mluzi wa pimbi hautoki midomoni kama wako. Unatoka kwenye meno mawili ya mbele, pale katikati penye upenyo. Meno yakikaa imara na pumzi ikapita, mluzi unafika mlima wa pili. Fyuuuuu! Hebu pigeni.

— Fyuuuuu!

Vizuri. Wakiusikia huo, watoto wote mbio, mapangoni, fyata! Tai anabaki na njaa yake.

Mwaka huo mlinzi alikuwa binti mmoja wa darasa la nne, jina lake Siwatu. Shule nzima walishindana, na mluzi wa Siwatu ukawapita wote. Siku aliyochaguliwa mama yake alilia kwa furaha, akawagawia majirani majani mabichi.

Siwatu alikuwa na mdogo wake, Tunu, darasa la kwanza. Tunu alikuwa mpenda kula na mzito wa mbio. Basi kila asubuhi mama alimwambia Siwatu maneno yale yale.

"Siwatu mwanangu, Tunu nimekupa wewe. Yeye haangalii juu, anakusikiliza wewe."

"Ndiyo, mama. Mluzi wangu upo."

Kila asubuhi. "Tunu nimekupa wewe." "Ndiyo, mama. Mluzi wangu upo."

Pimbi walikuwa na desturi ya pili. Asubuhi, kabla ya darasa, watoto walipanga foleni mbele ya Mwalimu Mbuzimawe, kila mmoja na kijiti chake cha mswaki. Walikitafuna ncha mpaka ikawa laini, kisha wakapiga mswaki huku wakiimba:

*Polepole, mswaki wangu,*
*Pita nje, pita ndani,*
*Pita penye fizi na jino,*
*Kajificha nani?*

Mkiimba nami mwishoni mtanipendeza. Mwalimu alipita na foleni, mtoto mmoja mmoja. "Fumbua!" Anatazama. "Nenda darasani." "Fumbua! Wewe, rudia huku nyuma." Hakuna aliyemponyoka.

Hakuna, isipokuwa mmoja. Mlinzi. Mlinzi saa hiyo alishapanda juu ya jabali. Yeye alipiga mswaki peke yake huko huko, na hakuna aliyemwambia "fumbua". Walisema, mlinzi ni mkubwa, anajua. Likumbukeni na hilo.

Siku moja Tai alimwita Kunguru.

"Kunguru," alisema Tai, "wewe unafika sokoni, unafika shuleni, una maneno. Ninyamazishie ule mluzi, na mtoto wa kwanza nitakayemkamata, utumbo wote wako."

"Umenyamaza tayari, bwana mkubwa," alisema Kunguru. Akaruka mpaka sokoni, akaiba kikaratasi cha ubuyu. Mnaujua ubuyu? Mnaujua sana! Ule mwekundu, wenye sukari, wenye kuacha ulimi kama umepakwa rangi ya mlango. Akaruka mpaka juu ya jabali.

"Hodi, binti!"

"Karibu. Shikamoo, Mjomba Kunguru."

"Marahaba, marahaba. Lo! Umekaa peke yako na jua hili! Wenzako wanacheza, wewe unawalinda. Kuna hata mmoja anayekuletea kitu?"

Siwatu akafikiri. Kweli hakuna.

"Chukua, mwanangu. Weka shavuni, usitafune haraka. Ukae nao kutwa."

Siwatu akaweka shavuni. Utamu ukashuka, uchachu kidogo, utamu tena. Siku ikapita upesi. Kesho yake Kunguru akaleta mwingine. Keshokutwa, mwingine. Siwatu akawa anapiga mswaki asubuhi, kisha ubuyu shavuni mpaka jua linazama, na usiku analala nao.

Siku zikaenda. Asubuhi moja Siwatu akiwa juu ya jabali alipiga mswaki wake, akautoa, akautazama. Ncha ilikuwa na damu.

Akaogopa. Kabla hajateremka kumwambia mtu, Kunguru huyo hapo.

"Hodi, binti! Mbona umenyong'onyea?"

"Shikamoo, mjomba. Mswaki umenitoa damu."

"Maskini! Hebu nikuulize, mwanangu. Ukianguka, goti likachubuka, unachukua kijiti ukalisugua?"

"Hapana, mjomba."

"Unaliacha lipone?"

"Naliacha."

"Basi kinywa ni kidonda hicho hicho. Acha kukisugua. Kiache kipone."

Na mimi nawauliza nyinyi, si maneno yenye akili hayo? Hata mimi nilipokuwa mdogo ningekubali. Nilikubali! Lakini tuyaache ya kwangu.

Siwatu akautupa mswaki. Wenzake chini wakiimba "Polepole, mswaki wangu," yeye juu aliimba nao kwa sauti, mikono mitupu. Na fizi hazikupona. Zilivimba, zikawa nyekundu, zikawa zinatoa damu hata akitafuna majani laini. Jioni mama akamtazama.

"Siwatu, mdomo wako una nini, mbona mwekundu?"

"Ubuyu, mama."

Hakusema uongo, ubuyu ulikuwepo. Lakini na damu ilikuwepo, na rangi moja ikaificha nyingine. Mama akacheka, akasema, "Ubuyu utakumaliza wewe," akageukia kazi zake.

Baadaye kidogo kinywa kikaanza kunuka. Rafiki yake aliyekuwa akikaa karibu naye darasani akasogea kidogo. Kesho yake akasogea tena. Siku ya tatu akahamia dawati jingine. Siwatu akajua, akaona aibu, akaacha kucheka. Kunguru akaja tena.

"Hodi, binti! Umeacha kucheka, kulikoni?"

"Shikamoo, mjomba. Nanuka mdomo."

"Ndilo linalokuliza hilo? Tafuna mnanaa huu. Utanukia kama harusi. Na usimwambie mtu. Mlinzi akisemekana mgonjwa, wanamvua ulinzi, wanampa mwingine."

Hapo ndipo alipompata. Siwatu akaona mama yake akilia, si kwa furaha safari hii, akaona wenzake wakimnyooshea vidole. Akatafuna mnanaa, akanyamaza. Yale meno mawili ya mbele yakaanza kucheza, kidogo, ukiyagusa kwa ulimi.

Kunguru akaruka kwa Tai. "Tayari, bwana mkubwa."

Ikafika saa ya mapumziko. Watoto wakatoka majanini, Tunu akiwa mbali kuliko wote, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na majani mazuri. Siwatu yuko juu. Akatazama mlima wa pili, akaona kitu cheusi kinashuka.

Akavuta pumzi. Fyu— ikakatika. Maumivu yakampanda mpaka sikioni.

Akavuta pumzi tena. Ffff. Upepo mtupu.

Akavuta mara ya tatu, kwa nguvu zake zote. Damu ikaruka kwenye jiwe. Mluzi hakuna.

Chini watoto wanakula. Tunu ameinamisha kichwa, haangalii juu. Anamsikiliza dada yake.

Siwatu akaliacha jabali. Akateremka akianguka, akiinuka, akianguka. Bi Kobe, aliyekuwa jikoni anakoroga uji, akaona mlinzi anateremka mbio mapumziko hayajaisha. Hakuuliza. Alichukua mwiko akaipiga sufuria tupu, nga! nga! nga! Watoto wakashtuka, wakatawanyika mapangoni.

Lakini Tunu alikuwa mbali, na alikuwa mzito. Tai akamfikia. Makucha yakamwingia mgongoni, akaanza kuinuliwa. Siwatu akaruka, akaung'ang'ania mguu wa mdogo wake kwa mikono miwili. Tai anavuta juu, Siwatu anavuta chini. Anavuta juu, anavuta chini. Ngozi ikachanika, Tunu akaponyoka, wakatumbukia wote wawili kwenye ufa wa mwamba. Tai akapita juu akiwa na manyoya tu kwenye kucha.

Tunu hakufa. Semeni ahsante Mungu.

— Ahsante Mungu!

Mimi kila nikifika hapa nasema, ingawa najua mwisho wake. Hakufa, lakini alilala siku tisa kwa tumbo, mgongo una mifereji mitatu.

Jioni ile wazee wa pimbi walikaa na Mwalimu Mbuzimawe. "Mlinzi alilala," mmoja akasema. "Alikuwa anacheza," akasema mwingine. "Avuliwe ulinzi," akasema wa tatu. Mama yake alikuwa amempakata Tunu, hamtazami Siwatu. Siwatu alisimama katikati, midomo ameifunga, machozi yanashuka. Hakujitetea, maana kujitetea ni kufumbua kinywa.

Bi Kobe akajivuta mpaka mbele yake. Alichukua muda kufika, mnajua mwendo wake.

"Mjukuu wangu, fumbua."

Siwatu akatikisa kichwa.

"Kwa nini?"

Siwatu akanong'ona nyuma ya kiganja, "Nanuka, bibi."

"Miaka yote hii nawapikia, nimenusa dagaa walioharibika, nimenusa uji ulioungua, nimenusa miguu yenu mvua ikinyesha. Fumbua."

Siwatu akafumbua.

Bi Kobe akatazama. Akatazama sana. Kisha Bi Kobe akageuka, akamwangalia mwalimu.

"Mwalimu, huyu mtoto nani aliyekuwa akimtazama kinywa?"

Mwalimu Mbuzimawe akainamisha pembe zake. "Hakuna," akasema. "Nilisema ni mlinzi, anajua. Kosa ni langu."

Hapo Siwatu akalia kwa sauti, akasema yote: ubuyu, kidonda, mnanaa, na maneno ya kuvuliwa ulinzi. Mama yake akamweka Tunu chini polepole, akaja akamshika.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa, mama."

"Na mimi niliona wekundu nikacheka," mama akasema. Wakalia wote wawili.

Bi Kobe akawaacha walie, kisha akasema, "Basi, yatosha. Kesho asubuhi uje jikoni kwangu. Uje na kijiti kipya."

Mzee mmoja akaguna. "Kobe hana jino, atajua nini habari za meno?"

Bi Kobe akamjibu bila hasira. "Kila saa nne nakaa nawaangalia watoto wenu wakitafuna, na mimi namung'unya. Kitu usichokuwa nacho unakitazama sana, baba. Nayajua meno ya shule hii moja moja."

Kesho yake Siwatu akafika jikoni. Bi Kobe akampa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akasukutua, akatema. Akamwambia atafune ncha ya mswaki mpaka iwe laini kabisa. Kisha, "Piga. Polepole. Pale hasa fizi inapokutana na jino, pale ulipokuwa ukipakimbia."

Siwatu akapiga. Damu.

"Bibi, inatoka damu!"

"Naiona. Endelea polepole."

"Lakini kidonda hakisuguliwi!"

"Goti likichubuka linaoshwa au halioshwi?"

"Linaoshwa."

"Na likiachwa na uchafu?"

"Linaoza."

"Haya. Uchafu umekaa chini ya ufizi, na ufizi umevimba kwa ajili ya huo uchafu. Mswaki hauchubui, unaosha. Endelea."

Asubuhi alipiga, na usiku kabla ya kulala alipiga. Siku ya kwanza damu ilikuwa nyingi, akalia. Siku ya saba damu ilikuwa tone. Siku ya kumi na nne akautoa mswaki, akautazama, akautazama tena. Ulikuwa mweupe. Twimbe!

*Polepole, mswaki wangu,*
*Pita nje, pita ndani,*
*Pita penye fizi na jino,*
*Kajificha nani?*

— Hakuna mtu!

Hakuna mtu! Fizi zikanywea, zikayakumbatia meno, meno yakaacha kucheza. Asubuhi moja Siwatu akaenda nyuma ya jiko, akavuta pumzi. Fyuuuuu! Bi Kobe akadondosha mwiko kwenye uji.

"Bibi, umesikia?"

"Nimesikia. Na uji umesikia."

Siwatu akamwinamia, akasema, "Ahsante, bibi."

"Bado," akasema Bi Kobe. "Ahsante utanipa siku utakayoutumia."

Siku zote hizo Siwatu alikuwa bado hajarudi jabalini. Kunguru akamtafuta, akamkuta amekaa juu ya jiwe. Ubuyu mkononi, ule ule.

"Hodi, binti! Nimesikia mambo yako, nimesikitika mpaka nimekonda. Chukua."

Siwatu akaupokea. Akapaka ule wekundu midomoni, akashika shavu, akazungumza kwa kubana kama mwenye jipu.

"Ahsante, mjomba. Meno ndiyo yamekwisha. Mluzi umekufa. Na bado wananirudisha jabalini kesho, hawana mwingine."

Kunguru alikaribia kucheka mbele yake. Akaruka moja kwa moja kwa Tai. Siwatu akautupa ubuyu, akasukutua, akaenda kumwambia mwalimu na wazee. Wakapatana: kesho mapumziko watoto watakula kwenye milango ya mapango, hatua mbili tu kutoka ndani.

Kesho yake mama akasimama mlangoni. Hakujua aseme yale maneno au asiyaseme. Tunu, mgongo una makovu, akatoka mwenyewe.

"Mama, nakwenda kula majani."

"Huogopi?"

"Dada atapiga mluzi."

Siwatu akasikia, roho ikamjaa. Mama naye akasema, "Siwatu mwanangu, Tunu nimekupa wewe."

"Ndiyo, mama. Mluzi wangu upo."

Ikafika saa ya mapumziko. Kunguru akatangulia, akatua juu ya jabali, hatua tatu kutoka kwa Siwatu. Amekuja kungoja utumbo wake. Na Tai akaja. Safari hii hakujificha. Alikuja wazi, mabawa ameyafunga, anashuka kwa kasi yake yote, amejua hakuna wa kumzuia.

Siwatu akamngoja afike karibu. Akavuta pumzi. Haya, wote pamoja!

— Fyuuuuuuu!

Watoto fyata! Majani yakabaki matupu. Tai kwa kasi ile hakuweza kujizuia, akajipigiza kwenye jabali, pu! Ukucha ukavunjika. Akainuka na kizunguzungu, akamtafuta aliyemdanganya, akamwona Kunguru amekaa na mdomo wazi.

"Ulisema mluzi umenyamaza!"

"Bwana mkubwa, jana ulikuwa—"

Hakumaliza. Tai alimkamata kifuani, akamnyofoa manyoya yote ya kifua na shingo. Kunguru akaponyoka, uchi mbele, akakimbilia sokoni akilia kwaa, kwaa. Manyoya yalipoota tena, kwa ile hofu, yakaota meupe. Mtazameni Kunguru kesho. Amevaa shati jeupe hadi leo, na watu wanadhani ni msafi.

Pale chini mapangoni vikatoka vigelegele. Tunu alikuwa wa kwanza kumfikia dada yake, na mbio alipata siku hiyo. "Nimekusikia!" akasema. "Dada, nimekusikia!" Mama akawakumbatia wote wawili mpaka wakakosa pumzi. Rafiki yake yule wa dawati akaja, ana haya, akakaa karibu naye.

Siwatu akawaponyoka wote, akaenda jikoni.

"Bibi, sasa naweza kusema ahsante?"

"Sasa sema."

Siwatu hakusema. Alitoa ukwaju aliouchuma, akaubana kwa yale meno mawili ya mbele, ganda likapasuka, ka! Akatoa nyama yake, akatenga mbegu, akamwekea Bi Kobe mbele yake. Bi Kobe alikuwa akiupenda ukwaju maisha yake yote, na maganda yalikuwa yakimshinda.

Bi Kobe akala. Akafumba macho. "Ahsante kwa meno yako, mjukuu wangu," akasema.

"Ni yako, bibi," akasema Siwatu. Na kila siku, mpaka alipomaliza shule, alikwenda kumpasulia ukwaju.

Mwalimu Mbuzimawe naye akabadili desturi. Tangu siku ile watoto wa pimbi walikaa wawili wawili asubuhi, mlinzi naye na mwenzake. "Fumbua nikuone." "Na wewe fumbua nikuone." Naye mwalimu akafumbua kwa Bi Kobe. Ndiyo maana hadi leo, ukipita kwenye mawe asubuhi, utawaona pimbi wamekaa juani wawili wawili, wanatazamana. Msidhani wanaota jua tu.

Sasa somo. Piga mswaki asubuhi, piga mswaki kabla ya kulala, na ufike kwenye fizi, usiishie kwenye meno yanayoonekana ukicheka. Ukila tamu, maliza, kisha sukutua. Usilale nayo shavuni. Na fizi ikitoa damu usiukimbie mswaki, maana hapo ndipo inapouhitaji zaidi. Damu isipokoma, sema. Usifiche kwa ubuyu, usifiche kwa mnanaa. Mwambie mama, mwambie mwalimu, upelekwe hospitali kwa mganga wa meno.

Na pengo langu? Haya. Nilikuwa darasa la nne, kama Siwatu. Fizi zilinitoka damu, nikaacha mswaki, nikanyamaza mwaka mzima. Nyumbani tulikuwa wengi, hakuna aliyeniangalia kinywa. Aliyeniangalia ni mpishi wa shule yetu, Bi Mwanamize, siku moja kwenye foleni ya uji. Alishika kikombe changu hakukiachia. "Fumbua," akasema. Jino hili moja lilikuwa limeshakwenda. Haya mengine yote mnayoyaona ni yeye. Kila nikitafuna muhindi wa kuchoma namwombea, na leo nimewatafunia hadithi nzima kwa meno aliyoniachia. Ahsante, Bi Mwanamize, popote ulipolala.

Na wewe mtoto uliyekuwa ukicheka huku umeziba mdomo, tangu nilipoanza mpaka sasa, nimekuona. Sikutaji. Wenzako wakiondoka, wewe baki kidogo, nikutazame.

Hadithi imeinuka!

— Inakwenda wapi?

Inarudi majabalini!

— Ivae viatu!

Imevaa. Imesukutua. Imekwenda kulala.